Mateso ya utotoni na uraibu wa heroini vinahusianaje?

Mama Salma: Ndugu zangu, mdogo wangu aliyepigwa sana utotoni sasa yumo kwenye tiba ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Je, mateso yale yalichangia, au tunamtafutia udhuru?

Msomaji wa Temeke: Dada, si udhuru. Uchambuzi wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba waliopitia madhila matano au zaidi utotoni walikuwa na uwezekano mara 7 hadi 10 zaidi wa kuwa na matatizo ya dawa za kulevya kuliko wasiopitia lolote. Heroini hushika vipokezi vilevile ambavyo ubongo hutumia kutuliza maumivu, yakiwemo ya moyo, hivyo aliyezoea kuishi kwa hofu huiona kama pumziko.

Mzee Kombo: Naafiki, ingawa si kila aliyeumizwa huwa mraibu, upatikanaji wa dawa za kulevya nao una uzito, na pwani yetu imo kwenye njia ya heroini itokayo Afghanistani. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huzuia arosto, yaani mateso ya mwili yanayompata mraibu akikosa heroini, lakini haifuti kumbukumbu, kwa hiyo aombe pia ushauri nasaha, bila kuacha dozi.

Mama Salma: Ahsanteni. Hajawahi kuulizwa kuhusu utoto wake. Nitamwomba amweleze mshauri wake.