Mafundi wa laptopu Mombasa, kabla ya kusema "bodi imekufa" fungueni mashine kwanza!

Wadau, nina hasira na wanaoisingizia bodi, ile sakiti kuu ya mashine, na leo nitaitoa yote.

Mimi nafanya hesabu za maduka, wateja wangu wengi wako Majengo na Kongowea. Kila mwenye VAT anajua tarehe 20, siku ya mwisho ya kupeleka ritani, haina huruma: ukichelewa faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Na ni wiki hiyo hiyo laptopu yangu, ex-UK (mtumba wa Uingereza) yenye prosesa ya Intel i5-8250U, ilipochagua kuanza vituko. Kwanza joto, pale juu ya kibodi hapagusiki. Halafu ikaanza kujizima. Ukiwasha inaonyesha nembo, inavuma kidogo, giza. Ukiiacha ipoe inakaa muda zaidi, kisha yale yale.

Habari hiyo ya "ikipoa inakaa zaidi" ndiyo niliyomwambia fundi kabla ya salamu haijaisha. Mwenye kuijua kazi angeelewa hapo hapo. Prosesa ile Intel wameiwekea kikomo cha nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi, ikizidiwa kabisa mashine inajikata umeme isije ikaungua. Sasa tia na Machi yetu hii, mchana nyuzi 32, 33, chumba hakina hewa. Feni ikilegea kidogo tu, umekwisha.

Fundi mwenyewe, ana duka la vioo katikati ya mji (jina silitaji, msinisumbue), hakuuliza swali hata moja. "Mama, hii ni Windows." Windows! Mashine inazima Windows haijafika hata mlangoni, imekosa nini? Akafomati, nikalipa. Bahati hesabu za watu naziweka kwenye flashi, la sivyo saa hizi ningekuwa nimeshahama mji. Nikafika nyumbani, tatizo ni lile lile.

Nikamrudishia. Mara hii akasema ameifanyia sevisi, amepuliza vumbi, ameweka pesti mpya ya prosesa, ile ya kupitisha joto, na risiti imeandikwa hivyo kwa mkono wake. Shilingi 2,500 zikaenda kwa M-Pesa. Ikazima tena. Ndipo hukumu ikatoka: "Mama, bodi imekufa. Bodi ni 16,000. Lakini nakushauri kama mwanao, niachie hii kwa spea, uongeze kidogo uchukue hii hapa." Na huyo mwanangu nyingine anayo tayari mkononi, imefutwa inang'aa! Nikachukua mzigo wangu nikaondoka.

Mpwa wangu wa Kisauni, ambaye hata duka hana, aliifungua mbele yangu juu ya meza ya chakula. Sikilizeni sasa. Kati ya feni na yale matundu ya shaba ya kutolea joto, vumbi lilikuwa limeshikana. Akalivuta kwa kibanio, likatoka zima kama sufi ya mto. Zima! Aliyepuliza alipuliza wapi? Feni ukiisukuma kwa kidole inazunguka robo, inakwama. Akang'oa bomba la joto, lile linalokalia prosesa na kuitoa joto: pesti imekauka, kijivu, inabanduka kwa ukucha. Na kijistika kilichobandikwa juu ya skrubu ya bomba hilo hakijatobolewa. "Khalati, hapa hapajaingia bisibisi." Nilitamani kurudi mjini usiku ule ule.

Feni ya kubadilisha ikapatikana kwa 1,800, na pesti ya bei ya sahani ya biriani. Alipomaliza ikawaka taa, skrini nyeusi. Moyo ukanipasuka, nikasema basi, bodi kweli. Yeye hata hakubabaika. Akachomoa chaja na betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kama nusu dakika kumaliza umeme uliobaki, akatoa RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, meno ya hiyo RAM akayasugua taratibu kwa raba ya mtoto ya kufutia penseli, akairudisha mpaka ikalia "tak". Ikawaka. Anasema hewa yetu ya chumvi na unyevu inazichafua sana hizo sehemu, na raba ndiyo kitu cha kwanza anachojaribu kabla ya kuisingizia bodi. Sasa hivi nina Excel na iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, zote wazi na joto linacheza kwenye 65. Zamani programu ya kupimia ilikuwa inaniandikia 97.

Na kwa wale watakaoniambia "ndiyo biashara, dada", Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012, na ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine. Fundi anatakiwa akupe makadirio, akufanyie kazi uliyoikubali, na spea alizozitoa akurudishie ukizitaka. Mimi nimetozwa kazi ambayo haikufanyika kabisa. Risiti ninayo, meseji ya M-Pesa ninayo, na lile vumbi nimelitia kwenye mfuko wa plastiki. Kesho asubuhi naenda kuliweka juu ya kaunta yake, mbele ya wateja wake, nidai 2,500 yangu na ile ya kufomati.

Kuna mwingine ameambiwa "bodi imekufa" kwenye maduka ya mjini kisha mashine ikapona kwa kusafishwa tu? Andikeni mlilipa ngapi. Na mwenye fundi anayefungua mashine mteja akiona, anitajie, afadhali awe upande wa Nyali au Bamburi, feri ya Likoni siiwezi na laptopu begani.