Herufi za kuvuruga au kitendawili: kipi kinanoga kwenye D&D ya Kiswahili?

MtemiWaDadu:
Wakuu habari za jioni. Naendesha kampeni ya D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu) kwa Kiswahili, wachezaji wanne, watatu tuko nao mezani na mmoja yuko Nairobi anaingia kwa Discord. Kikao kijacho wanaingia magofu ya mji wa pwani, nimeuiga kidogo Kilwa Kisiwani, kuna jumba la sultani na mlango wa mwisho nataka ufunguke kwa akili siyo kwa shoka. Nimebaki na machaguo matatu, niwape herufi zilizovurugwa wazipange, niwategee kitendawili, au niachane na hayo yote warushe dadu tu, Intelijensi DC 15 (DC ni alama za chini za kufaulu), aliyepata kapata. Mliokwisha kuendesha mnasemaje?

BintiTanga:
Kitendawili, hata usiumize kichwa. Herufi mmoja anashika karatasi, wengine wanachungulia begani halafu dakika mbili kila mtu yuko WhatsApp. Kitendawili wote wanakisikia kwa pamoja na kila mtu anapayuka lake, meza inachangamka. Ila usilete vile vya darasa la tatu, ukisema "nyumba yangu haina mlango" watakwambia yai hata hujamaliza.

mwanakete254:
Mi naona tofauti dada. Kitendawili jibu analo aliyetega peke yake. "Popo mbili zavuka mto", mtu ambaye hakuwahi kukisikia atakutajia mitumbwi, mapacha, jua na mwezi, na ukiwa mkweli majibu yake yana maana kuliko macho. Sisi wa Nairobi hivi vitu tulivikariri kwa sababu ya mtihani, huyo mchezaji wa Discord msimuonee. Herufi hazina ubishi, jibu likitoka kila mtu analiona, na Kiswahili irabu ni kibao maneno yanageuka yenyewe. KARIBU ukiipanga upya unapata KABURI. Ichonge juu ya huo mlango, kila herufi kigae chake, waache wafurahie ukarimu wa sultani 😂

MtemiWaDadu:
Aisee KARIBU naiiba hiyo

fundi_wa_vikao:
Iibe lakini iangalie vizuri. K na A hazihami, zinazohama ni zile nne tu, na vitu vinne vina mipangilio 24, yaani mchezaji mvivu atajaribu mmoja mmoja mpaka mlango ufunguke bila kufikiri chochote. Kwa hiyo kila wakikosea kuwe na gharama, mchanga unamwagika toka darini mpaka magotini, kitu kama hicho. Halafu maneno mafupi yaogope. Weka A-L-I-M utake MILA uone, utaletewa MALI, utaletewa LIMA, mwingine atakuja na IMLA na zote ni sahihi, sasa hapo utamwambia nani kakosea? Lazima kuwe na kitu pembeni kinachoelekeza. Mfano mzuri ni SIMBA, sanamu ya simba pale mlangoni, na ukutani umechorwa msafara wa watu wamebeba jeneza. Wakitazama vyote viwili MSIBA inakuja yenyewe.

Na lile la karatasi la BintiTanga dawa yake ni vizibo vya soda, andika herufi kwa maka peni, gawa, kila mmoja ashike chake. Hakuna atakayechungulia simu wakati kaishika R yeye.

BintiTanga:
Vizibo nimekubali. Ila kuna mwenzangu anacheza mchawi mwenye INT 18, yaani Intelijensi ya juu, na yeye mwenyewe anatoka kazini kachoka hata jina la karakta wake halikumbuki, huyo inakuwaje?

fundi_wa_vikao:
Hapo dadu linaingia kama msaada siyo kama jibu. Akipita DC 10 mwambie herufi ya mwisho, akipita 15 mwambie na iliyo kabla yake. Wapo wanaosema kitendawili kimpime mchezaji mwenyewe na karakta akae pembeni, Tomb of Horrors, ile safari ya hatari ya Gygax mmoja wa waanzilishi wa D&D, ilivyochezwa kwenye tamasha la michezo la Origins mwaka 1975 ilikuwa na mtindo huo, kuna mpaka shairi la mafumbo kwenye sakafu ya kuingilia na usipolielewa shauri yako. Mimi siwezi, watu wangu wangeacha kuja.

Babu_Mvita:
Wanangu, kwanza mji wa kale wa pwani mlangoni pangekuwa na herufi za Kiarabu, siyo hizo za vizibo.

mwanakete254:
Shikamoo babu. Humo ndani kuna joka linaloongea lakini 😅

Babu_Mvita:
Marahaba. Haya joka nimelisamehe. Lakini nyote mwalalamika watu watakwama mlangoni, na kitendawili dawa yake kinayo tangu zamani, mmeiruka tu. Ukitega wakashindwa hukai nao mpaka alfajiri, wadai mji! Wakupa mji, wajigamba ulivyofika huko ukala ukanywa ukapokewa, ndipo watoa jibu. Basi mlango nao useme "nipeni mji". Wachague mmoja kwenye ramani yao wenyewe, alikozaliwa karakta au alikoweka dhahabu yake, na kuanzia usiku huo mji ule ni wa sultani, kodi yake, askari wake. Mlango wafunguka, mchezo hausimami, nawe una kikao cha wiki mbili mbele.

fundi_wa_vikao:
Babu hii ni kali kuliko yote iliyoandikwa humu. Na inafanya kazi hata kwenye herufi.

MtemiWaDadu:
Imeisha hiyo. KARIBU kwa vizibo, wa Discord nitamsomea, mchanga kwa kila kosa, dadu la kudokeza, wakishindwa kabisa wanatoa mji. Swali moja tu, wakinipa kale kakijiji walikokachoma moto mwezi uliopita?

Babu_Mvita:
Wakataa. Mtegaji hapokei asichokitaka. Babu yangu mimi alikuwa hapokei chini ya Bombay.