Lisi imebaki miaka 81: nikubali ofa ya mwenye jengo, nidai kisheria, au nisubiri?

MamaTausi_Barking (Novemba 2025)
Wakuu, habari za baridi. Nina flati Barking, London, kwa lisi (leasehold: umiliki wa flati kwa miaka maalumu, jengo likibaki la mwenye jengo) ya miaka 99 iliyoanza Machi 2008. Kodi ya ardhi (ground rent, ninayomlipa mwenye jengo) ni pauni 250 kwa mwaka, na inaongezeka maradufu kila baada ya miaka 25. Mwenye jengo ameniandikia: nilipe pauni 9,000, anipe lisi ya miaka 125, hakuna haja ya mthamini, ofa inaisha baada ya siku 28. Flati ina thamani ya kama 280,000. Waliopitia haya wanisaidie.

Mtemi_Leicester
Dada, soma barua tena. Miaka 125 kuanzia lini?

MamaTausi_Barking
"Kuanzia 25 Machi 2008." Eeh!

Mtemi_Leicester
Ndiyo hivyo. Unauziwa miaka 26 kwa elfu tisa. Sheria ya lisi ya 1993 inakupa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, kwa hiyo unafika 171, na kodi ya ardhi inakuwa sifuri. Zamani ulilazimika kwanza kumiliki flati miaka miwili; sharti hilo lilifutwa 31 Januari 2025. Unampelekea mwenye jengo notisi ya kudai kurefushiwa lisi, anapewa angalau miezi miwili kujibu, mkishindwana bei mnaenda kwenye baraza la kuamua migogoro ya nyumba (tribunal). Kinachouma ni kwamba unamlipa wakili wako na mthamini wako, kisha unalipia na wa kwake, ilimradi gharama ziwe za kawaida.

KakaReading
Tusiwatie wote kapu moja. Mimi nilielewana na wangu bila notisi: miaka 90, kodi sifuri, wakili akasoma kila mstari kabla sijatia saini. Ni haraka na gharama ndogo. Ila kwa ofa hii, dada, angalia kodi. Tangu 30 Juni 2022 hawezi kukutoza kodi ya ardhi kwa miaka anayoongeza, wala kuipandisha kwa ile ya zamani. Lakini kile kipengele cha maradufu kinaweza kubaki mpaka miaka ya zamani iishe. 250, 500 kuanzia 2033, 1,000 kuanzia 2058, 2,000 kuanzia 2083. Mnunuzi wako atakiona, na benki yake pia.

BintiMvita
Mbona hakuna anayetaja kusubiri? Sheria mpya ya lisi ya 2024 itatoa miaka 990, na kwenye hesabu ya bei ya kurefusha, ambamo mwenye jengo hufidiwa kodi anayoipoteza, kodi ya ardhi itawekewa kikomo cha 0.1% ya thamani ya flati. Kwako ni pauni 280, badala ya kuhesabiwa mpaka ile 2,000. Kwa kodi kama yako hiyo ni hela ya maana. Wenye majengo walikwenda Mahakama Kuu kuipinga, wakashindwa Oktoba.

Mtemi_Leicester
Binti, kushindwa kwao si sawa na sheria kuanza. Vipengele hivyo havijapewa tarehe. Dada ana tarehe yake: Machi 2027 lisi inashuka chini ya 80, na hapo mwenye jengo anadai nusu ya thamani ambayo flati inapata kwa kurefushwa. Sheria mpya inafuta hilo pia, lakini ikianza 2028 je?

BintiMvita
Basi asubiri mpaka mwishoni mwa 2026, si Machi yenyewe. Notisi ikishapelekwa, bei inapimwa kwa tarehe hiyo hata kesi ikichukua mwaka.

Mtemi_Leicester
Hapo tunakubaliana. Tahadhari moja: ukipeleka notisi kisha ukaiondoa, unalipa gharama za mwenye jengo na unakaa miezi 12 kabla ya kupeleka nyingine.

MzeeTottenham
Sisi tulinunua jengo zima. Flati sita, sheria inataka angalau nusu ya flati zishiriki, tulipata nne. Tukajipa miaka 999. Sasa paa likivuja simu inapigwa kwangu, saa nne usiku, na mpigaji ni yule aliyekataa kuchangia.

MamaTausi_Barking
Mzee, pole! Kwetu ni flati 40, wamiliki wengi wako ng'ambo, hata majina siwajui. Naona ofa ya 9,000 nimeishaitupa. Natafuta mthamini kwanza.

KakaReading
Mwambie akupigie hesabu mbili: leo, na ukiwa na miaka 79. Kabla ya kumlipa mtu, ongea na LEASE (Leasehold Advisory Service, shirika la ushauri wa lisi), ushauri wao ni bure. Na hizo siku 28 zisikukimbize. Ni za kwake, hazipo kwenye sheria.

BintiMvita
Amwombe hesabu ya tatu, ile ya kikomo cha 0.1%. Tofauti ikiwa mia tatu, nanyamaza.