Mzigo bandia wa kupimia redio za vyombo vya bahari

fundi_chumbageni: Mafundi wenzangu, salaam kutoka Tanga. Ninatengeneza redio za VHF za mashua na boti, ambazo hutoa hadi wati 25. Ninahitaji mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista za kukaa mahali pa antena, ili nisirushe mawimbi hewani ninapopima, pamoja na njia ya kuonja (kuchukua sehemu ndogo tu ya) mawimbi hayo kwa spektra analaiza, kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi katika kila masafa, bila kuiunguza. Dukani nimepata rezista kubwa nyeupe za saruji. Je, zinafaa?

Mzee_Raskazone: Hazifai, ndugu yangu. Ndani yake kuna waya uliozungushwa, na katika megahezi 156 waya huo ni koili, kwa hiyo redio haitaona omu 50 hata kama mita ya kawaida inasoma hivyo. Tafuta rezista 20 za kaboni, kila moja ya kiloomu 1 na wati 2, uzilehemu sambamba baina ya vipande viwili vya bodi ya shaba: utapata omu 50 na uwezo wa wati 40. Miguu yake uikate iwe mifupi kadiri mkono unavyoruhusu, maana kila milimita ya mguu inaongeza ukoili uleule tunaoukimbia.

Kwa kuonja, unganisha rezista tatu za omu 820 kwa mfuatano kutoka sehemu yenye mawimbi hadi konekta ya analaiza, na kwenye konekta hiyo weka ya omu 51 kwenda ardhini. Upungufu utakuwa takriban desibeli 40, yaani wati 25 zitafika kama miliwati 2.5. Hata hivyo, soma kwanza kikomo cha kifaa chako.

binti_wa_elektroniki: Naongeza jambo moja ambalo Mzee amelipita. Mnyororo huo wa rezista ukiuacha wazi, mawimbi yataruka moja kwa moja hadi kwenye konekta na hesabu ya desibeli 40 itakuwa ya karatasini tu. Ufunge ndani ya kopo la bati lililolehemiwa pande zote, tena konekta uzipake grisi kwa nje, kwani chumvi ya pwani yetu haichelewi.

fundi_chumbageni: Nashukuru sana. Je, nikiwa na NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena na mizigo, nitajuaje kwamba mzigo umekaa sawa?

Mzee_Raskazone: Pima kuanzia megahezi 150 hadi 165. SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na mzigo; 1 ndiyo kamili) ikibaki chini ya 1.2, endelea na kazi.