Bunduki mpya ya leva inadondosha maganda badala ya kuyarusha: tatizo ni ejekta?

Shabaha357
Wakuu, naomba msaada. Bunduki ni mpya kabisa, ya leva (ule mkono wa chini unaosukumwa na kurudishwa kubadilisha risasi), kaliba .357 Magnum, mtambo umefunikwa juu na maganda yanatokea kulia. Risasi za .357 zinatoka vizuri kiasi. Nikiweka .38 Special, zile fupi zaidi ambazo nazo hupigwa kwenye kaliba hii, ganda moja kati ya matatu halirushwi: linalala kwenye dirisha la kutolea au linarudi ndani na kubanwa na bolti, kile chuma kinachoteleza mbele na nyuma. Hakuna ganda linalobaki kwenye chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu. Nimepigia mezani, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga. Sijafungua chochote, waranti bado ipo. Nianzie wapi?

FundiSpringi
Umesema jambo la maana: hakuna ganda linalobaki chemba. Kuvuta na kurusha ni kazi mbili tofauti. Ekstrakta ni ule ukucha kwenye bolti unaoshika ukingo wa ganda na kulitoa chemba. Ejekta ni kipande kingine, na kwenye mitambo ya namna yako hakitembei na bolti. Kimekaa ukuta wa kushoto, ncha yake inapita kwenye mfereji wa bolti. Bolti ikikaribia mwisho wa safari, kitako cha ganda kinagonga ncha hiyo na ganda linapinduka kulia. Kwa hiyo nguvu ya kurusha inatoka mkononi mwako. Leva ikienda polepole au isipofika mwisho, ganda linaguswa tu, halipigwi.

Ndiyo maana ninashuku meza kwanza. Bunduki ikilala kwenye mfuko, leva inagonga meza kabla ya kumaliza mzunguko, nawe unahisi kama imefika. Inua kitako cha bunduki, au piga ukiwa umesimama, na usukume leva kwa mkupuo mmoja hadi ikatae kwenda. Ganda la .38 lina urefu wa milimita 29.3, la .357 ni 32.8. Hilo fupi ni jepesi zaidi, kwa hiyo ndilo litakaloonyesha uvivu wa leva mapema.

Chemba_Tupu
Kabla ya jaribio lolote: toa risasi zote, angalia magazini ya bomba hadi uone kisukumio chake, ingiza kidole chemba. Majaribio ya ndani yafanywe kwa risasi bandia au maganda matupu, risasi hai zikae chumba kingine.

Kisha fanya hivi. Fungua leva bila kuifikisha mwisho, chukua ganda tupu la .38 na ulichomeke kwa mkono chini ya ukucha wa ekstrakta, kitako kikiegemea uso wa bolti. Geuza bunduki taratibu, dirisha likitazama chini. Ganda likianguka lenyewe, ekstrakta haishiki. Ukingo wa ganda hili umetokeza kama milimita 0.8 tu kila upande, hivyo chembe ya shaba au grisi ngumu chini ya ukucha inatosha kuharibu kazi. Safisha kwa kijiti cha meno. Usiguse ukucha kwa tupa!

Likishika, funga leva, kisha ifungue polepole hadi mwisho huku ukitazama dirishani. Ganda likipotea katikati ya safari, rudi kwa ekstrakta. Likifika mwisho limekaa tu kwenye bolti kama halijaguswa, ejekta haifanyi kazi.

Mzee_wa_Leva
Bunduki mpya hizo, piga risasi 200 zitalegea zenyewe.

FundiSpringi
Mzee, hapo sikubaliani nawe kabisa. Kupiga kunalainisha kingo zenye vinyweleo vya chuma na leva inakuwa nyepesi, sawa. Lakini springi iliyopinda haitajinyoosha, na ejekta iliyonasa kwenye grisi ya kiwandani itazidi kunasa masizi yakiongezeka.

Shabaha357
Nimefanya. Ekstrakta inashika, hata nikitikisa kidogo. Nikisukuma leva hadi mwisho kwa nguvu, mengi yanaruka, ila bado moja moja linalala. Na ncha ya ejekta nikiibonyeza kwa kijiti cha mbao inarudi kwa uvivu sana.

Chemba_Tupu
Basi una mambo mawili kwa pamoja, meza na ejekta. Nyuma ya ejekta kuna kispringi bapa kinachoisukuma itokeze. Ikirudi kwa uvivu, mara nyingi ni ile grisi nzito ya kuzuia kutu.

Kama kitabu cha bunduki kinaruhusu mwenyewe kutoa bolti, ni skrubu moja tu, ya egemeo la leva. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wake, la sivyo utaukwangua. Nyundo iwe imevutwa, leva ifunguliwe nusu, toa skrubu, shusha leva, vuta bolti nyuma. Tandika kitambaa, maana ejekta inadondoka yenyewe. Ioshe kwa mafuta ya taa pamoja na kitundu chake, kausha, weka tone moja tu la oili nyepesi. Kispringi kikiwa kimelala bapa au kimepasuka, usikikunje. Rudisha kwa muuzaji, waranti ni ya kazi hiyo.

Kurudisha ndiko kunakosumbua watu. Pini ya ejekta lazima iwe ndani ya tundu lake ukutani. Ishike kwa kidole au kijiti huku bolti ikipita juu yake. Bolti ikigoma usilazimishe, pini imetoka.

Darubini_Chini
Kama umefunga darubini, tazama kitufe cha marekebisho cha upande wa kulia. Kikiwa na alama za rangi ya shaba, maganda yanakigonga na kurudi ndani. Inua darubini, usihangaike na springi.

FundiSpringi
Nyongeza kwa watakaosoma baadaye: leva ikiwa nzito kufungua baada ya mlio na fataki (viwashio vya kitakoni mwa maganda) zimebapa, hilo si suala la ejekta. Ni shinikizo kubwa au chemba yenye mikwaruzo. Acha kupiga risasi za kundi hilo, mpelekee fundi bunduki pamoja na maganda matano sita uliyokwisha kupiga, bila kuyasafisha.