GX110 imekata mkanda wa taiming: nifungue silinda hedi au ninunue injini ya mtumba?

Mwana_Uyole
Wakuu, heshima kwenu. Mark II GX110, injini 1G-FE, imenizimikia Igawa nikitokea Makambako, spidi kama 90. Ilizima ghafla, haikupiga kelele yoyote. Nimeivuta hadi Mbeya, kava ya mbele ikafunguliwa, mkanda umekatika. Gari nilinunua mkononi mwa mtu, hakuna kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa. Fundi wa kwanza anasema funga mkanda mpya uwashe. Wa pili anasema fungua hedi, weka valvu mpya. Wa tatu, ambaye nduguye anauza spea (hilo nawaachia), anasema agiza injini Kariakoo. Hiyo hadi ifike hapa ni kama mara mbili ya gharama ya hedi. Mnashaurije?

Kijana_wa_Noah
Usitishwe mkuu. Noah yangu SR40 ilikata mkanda Mlima Nyoka, tukafunga mwingine, jioni niko barabarani. Mafundi wanapenda kufungua injini za watu.

Spana_Mwanjelwa
Noah SR40 ina 3S-FE. Kwenye hiyo, mkanda ukikatika pistoni hazizifikii valvu, injini inazima tu. 4A, 5A na 7A-FE za Carina na Corolla za zamani ni vilevile.

1G-FE ndiyo inayowagombanisha mafundi, kwa sababu jina moja lina injini mbili. Za kabla ya 1998 hazigongi. Mwaka 1998 Toyota wakaleta yenye VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka), nguvu ikapanda kutoka farasi 140 hadi 160, na hiyo inagonga: kemshafti (shafti inayofungua valvu, huzungushwa na mkanda) ikisimama, valvu zilizobaki wazi zinakutana na pistoni zinazopanda. GX110 zote zina hii ya pili. Fundi wako wa kwanza huenda hadanganyi, amezoea GX100 za mwanzo, zenye ile injini ya kwanza.

Kwa hiyo usipige stata hata mara moja. Panga alama za taiming, funga mkanda, zungusha krenki (shafti inayoendeshwa na pistoni) kwa spana taratibu mizunguko miwili. Ikikwama, usilazimishe. Ikizunguka, bado hujapona, maana valvu iliyopinda kidogo haizuii krenki. Sasa toa plagi, weka kila silinda juu kabisa ikiwa imefunga valvu zake, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, halafu sikiliza. Hewa ikitokea kwenye throto (njia ya hewa kuingia injini), valvu ya kuingiza imepinda. Ikitokea ekzosi, ya kutolea. Ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, basi ni pistoni au ringi, na hapo ndipo habari ya Kariakoo inapoanza kuwa na maana.

Kingine, mkipima mgandamizo kwa geji msitishwe na namba za kitabu. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kipimo kinashuka kwa asilimia 15 hadi 20 hata kwa injini nzima. Linganisha silinda kwa silinda.

Dada_Mafinga
Kaka, injini ya mtumba ni kuoa kwa picha. Inakuja imeoshwa inang'aa, hujui ilitembea kilomita ngapi wala kama iliwahi kuchemka. Na mkanda wake nao ni wa zamani! Ukiamua kuichukua, badilisha mkanda, tenshena (kikaza mkanda), wota pampu na oili sili za mbele ikiwa bado chini, kabla haijaingia kwenye gari. Hakikisha ni ya VVT-i. Ya zamani haiendani na waya wala kompyuta ya gari lako. Halafu namba ya injini kwenye kadi lazima ibadilishwe TRA, kwa hiyo dai karatasi zake kabla hujalipa.

IST_Nyekundu
Uza kama ilivyo, nunua IST. Ina cheni badala ya mkanda, habari imeisha.

Mzee_wa_Tunduma
Cheni nayo ikinyimwa oili safi inalegea, mwanangu, tena ikianza kugonga bei yake utaikumbuka. Mimi naendesha Land Cruiser ya dizeli, injini 1HZ, ina mkanda, na Toyota wameweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilomita 100,000 zikitimia. Ikiwaka nabadilisha siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye dizeli hakuna ubishi wa inagonga au haigongi. Wenye petroli hamna taa hiyo, basi andikeni kilomita kwa kalamu kwenye kava.

Mwana_Uyole
Ndaga fijo wakuu. Tumefanya kama Spana alivyoelekeza. Krenki imezunguka bila kukwama. Kwenye silinda nne kati ya sita hewa inatokea throto, kwenye oili haitokei hata moja. Naona nafungua hedi.

Spana_Mwanjelwa
Sawa kabisa. Usinunue valvu nne za kubahatisha, ipeleke hedi kwa mwenye mashine, azikague zote 24 pamoja na gaidi zake (mirija inayoziongoza), asage siti za valvu, apime usawa wa hedi kwa rula ya chuma. Gasketi mpya, sili za valvu mpya. Tenshena ya zamani usiirudishe hata kama inazunguka vizuri, na mtafute kilichoua mkanda: oili iliyovuja au wota pampu iliyokamata. Mkiacha hicho, mkanda mpya nao hautadumu.

Hedi ikitoka, kabla hujalipia chochote tupigie picha ya juu za pistoni uweke hapa. Alama ndogo kama ukucha si tatizo. Ukiona ufa, simamisha kazi kwanza, tuongee upya na Dada wa Mafinga kuhusu hiyo injini yake ya picha.