Wapi pa kuangalia ndege London kipindi cha baridi?

Habari wakuu, jumamosi mimi na rafiki yangu tunataka kutoka mchana tukaangalie ndege, tuna darubini moja tu na tutatumia treni. Tunaweza kupita sehemu ngapi kabla giza halijaingia?

JIBU 1: Karibu sana mkuu. Desemba saa kumi jioni jua limeshazama kwahiyo msizidishe mbili. Anzeni Walthamstow Wetlands, kuingia ni bure, yale ni mabwawa ya maji ya kunywa ya jiji na wakati huu bata wanajaa kweli, tafuteni wale wenye mdomo mpana kama koleo wanavyozunguka duara kwenye maji wakichuja chakula, mimi nilisimama hapo mpaka vidole vikafa ganzi na sikujuta hata kidogo. Minandi nao wako kwenye visiwa, wametanua mabawa wayakaushe, yaani kama unaowaona Ziwa Victoria.

JIBU 2: Naunga mkono ila mimi ningeanza Rainham Marshes, zamani palikuwa uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha, sasa ni nyasi na maji tupu. Upepo wa mto Thames ni mkali jamani, vaeni soksi mbili na mbebe chai ya tangawizi kwenye chupa.

MUULIZAJI: Asanteni sana ndugu zangu, tunaanza na Walthamstow. Darubini tutapokezana.